Mashavu ya Vidonge

Kina mama wenzangu, mimi naitwa Mama Zainabu. Wengine mnanifahamu kwa maandazi yangu, wengine kwa mdomo wangu. Muuguzi wetu hapa kliniki ameniomba niwaeleze yaliyonipata, nami nimekubali kwa shingo upande. Kuugua si aibu, lakini kuna kuugua kwa kujitakia, na kwangu kulikuwa kwa kujitakia. Mkiniona nimenyamaza katikati, nivumilieni. Mimi nimezeeka, aibu yangu bado mbichi.

Kabla ya hapo nilikuwa mwanamke wa kazi. Tulikuwa na mikorosho yetu nje kidogo ya Newala, mimi na Baba Zainabu, na watoto watatu, mkubwa ndiye huyo Zainabu. Nilikuwa nimejaa, tena nilijua kwamba nimejaa. Nikipita na kanga zangu mbili, nilitembea polepole ili watu wapate nafasi ya kuangalia.

Ilikuwa miaka ya ruksa. Vitu tulivyokuwa tukivisikia kwa jina vikaanza kujaa madukani: sabuni za kunukia, mitumba, redio. Na dawa nazo zikaja. Zamani dawa ulipewa hospitali, na ukiikosa hospitali umeikosa. Sasa likafunguliwa duka la dawa karibu na soko, vidonge vimejaa kwenye makopo makubwa, unapimiwa na kufungiwa kwenye karatasi ya daftari kama karanga. Tulifurahi sana. Tuliona maendeleo yametufikia.

Mwaka huo homa zilinishika mara tatu mfululizo. Katikati yake mimba ikaharibika. Nikakonda mpaka pete ikawa inaanguka nikifua. Nanyi mnakumbuka, miaka ile mtu hakuruhusiwa kukonda. Ukikonda, watu walikuwa na ugonjwa mmoja tu kichwani, na hawakuutaja mbele yako.

Mimi niliambiwa kwa njia ya ndoo. Maji yetu Newala ni ya kupanga foleni tangu alfajiri, na watu waligombana pale mpaka kuvuliana vilemba. Siku moja nimefika nimechelewa, nikaona wanawake wananipisha. Mmoja akaniambia kwa upole, "Pita mbele, Mama Zainabu, usichomwe na jua." Wote wakasogea. Hakuna aliyelalamika. Nilijaza ndoo yangu haraka nikaondoka, maana wanawake wale sikuwahi kuwaona wakimpisha mtu mzima mwenye afya. Nyumbani nililia, kisha nikakasirika. Zainabu alikuwa anakaribia kumaliza darasa la saba, na mwezi wa kumi na mbili, korosho zikishauzwa, angechezwa unyago. Siku ya kuwatoa wali, mama wa mwali hutazamwa kuliko hata mwali mwenyewe. Nikajiona ninasimama pale katikati ya ngoma kama mti wa kukaushia nguo.

Sasa sikilizeni upumbavu wangu. Wifi yangu Fatu, dada yake Baba Zainabu, alikuwa na pumu. Ikimkaza sana, hospitali walimwandikia vidonge vidogo vyeupe viitwavyo prednisoloni. Kuna wakati alivitumia muda mrefu, na mashavu yake yakajaa, akawa mviringo kabisa. Baadaye wakampunguzia, akarudi kama zamani. Wenye akili waliona dawa ya pumu. Mimi niliona dawa ya mashavu.

Nikamwambia, wifi, nipe cheti chako niwe nakununulia, wewe usihangaike kupanda kilima cha sokoni. Akanishukuru. Nikawa nanunua vyake na vyangu kwa cheti kimoja. Muuza dawa hakuwa mtu mbaya. Aliniuliza kama daktari anajua kwamba vinaliwa kila siku. Nikamjibu bila kupepesa macho kwamba anajua.

Na kweli vilifanya kazi. Wiki ya kwanza njaa ikanishika, njaa ya ajabu. Nilikula ugali wa mihogo, nikala na wa mume wangu, nikatafuta mwingine. Baada ya mwezi mashavu yakajaa. Foleni ya maji wakaacha kunipisha, na siku waliponisukuma kwa mara ya kwanza nilitaka kuwakumbatia.

Zainabu alipofanya mtihani wake akawekwa ndani, kama desturi yetu. Mwali akiwa ndani hulishwa, hupakwa mafuta, ili siku akitoka watu waseme nyumba hii inajua kulea. Lakini mwanangu alikuwa na mwili wa kwao baba yake. Alikula, na mifupa ikabaki palepale. Kungwi wake, bibi mmoja mkali, akanitania mbele ya watu kwamba labda namlisha mtoto kwa kumwonyesha chungu. Watu wakacheka, nami nikacheka.

Kesho yake nilisaga kidonge nikakitia kwenye uji wake wa karanga. Hapo ndipo huwa nanyamaza, na leo nitajikaza niendelee. Nilisaga kila asubuhi, karibu miezi miwili, kwa mkono wangu, na sikumwambia yeye wala mtu yeyote. Akanenepa. Kungwi akamshika shavu akasema sasa huyu ndiye mwali. Nilijisikia nimeshinda.

Mimi mwenyewe mwili ulikuwa umeanza kudai chake. Mashavu yalikuwa makubwa lakini mikono na miguu ilikuwa myembamba. Nyama ilijikusanya nyuma ya shingo. Tumboni ikatokea michirizi ya zambarau, ndevu zikachipua kidevuni, nikawa nazing'oa kwa siri. Nikigusa meza kidogo tu, ngozi inavilia damu. Chooni nilichuchumaa nikashindwa kuinuka, nikajivuta kwa kushika ukuta. Tena kiu, na kukojoa kila mara, katika mji ambao maji ya kunywa yenyewe ni ya kuhesabu vikombe. Yote hayo niliyafunika na kanga. Nje nilisifiwa.

Zikiwa zimebaki kama wiki mbili kufika siku ya ngoma, duka likaishiwa. Muuza dawa akasema mzigo umekwama njiani kwa mvua. Nyumbani nilikuwa na vichache. Nikaamua kama mama mwenye huruma: mimi nimeshanenepa, vilivyobaki ni vya mtoto. Nikaacha siku hiyohiyo.

Siku ya pili viungo vilianza kuuma. Siku ya tatu nilitapika mpaka nyongo, macho yakawa na giza kila nikisimama, na homa juu yake. Nilianguka kwenye foleni ya maji, ndoo ikamwagika. Walionisukuma ndio walionibeba. Baba Zainabu akapata lori la korosho lililokuwa linashuka upande wa Masasi, wakanilaza juu ya magunia mpaka hospitali ya misheni. Wifi Fatu alipanda pamoja nami kuniuguza. Njia nzima alikuwa ananishika kichwa, na kifua chake mwenyewe kinapiga filimbi, maana dawa zake zilikuwa zimekwisha, na aliyezimaliza ni mimi.

Daktari alikuwa mama mmoja mtaratibu. Presha ilikuwa imeshuka sana. Damu ilionyesha malaria, wakanianzishia dawa na dripu. Akaniuliza natumia dawa gani. Nikasema situmii. Akaangalia uso wangu, akafunua tumbo akaona michirizi, akauliza tena. Nikasema labda mizizi ya kienyeji. Fatu alikuwa amekaa pale anakanda miguu yangu. Ningesemaje mbele yake? Nilidanganya siku ile, nikadanganya na kesho yake. Dawa ya malaria ikaingia, homa ikashuka, lakini nguvu hazikurudi. Kukaa kitandani tu kulinishinda.

Siku ya tatu daktari akaja akamwuliza Fatu kuhusu filimbi ya kifua chake. Fatu akaeleza pumu yake, akataja na vidonge. Daktari akauliza vinapatikana wapi huko kwetu. Fatu akajibu, "Sijui sana, daktari. Wifi ndiye huninunulia."

Daktari hakuniangalia kwa hasira, na ningeona afadhali angefoka. Aliketi kwenye ukingo wa kitanda, akaanza kueleza polepole kana kwamba anamweleza Fatu. Alisema juu ya kila figo kuna tezi ndogo, na tezi hizo kila siku hutengeneza kitu cha namna ya kidonge kile. Hicho ndicho kinachoshika presha na sukari, na ndicho kinachoupa mwili nguvu ya kupambana na homa. Ukikila kutoka nje kila siku, kwa wiki nyingi, tezi zinaona kazi imeshafanywa, zinalala.

"Ni kama nyumba inayoletewa chakula kilichopikwa kila siku," alisema. "Mpishi anaacha moto uzimike. Siku kisipoletwa, mtalala njaa, maana jiko lenyewe limepoa. Ndiyo maana tunapunguza kidogo kidogo, ili mpishi aamke. Aliyevizoea akiacha ghafla, homa ndogo tu inaweza kumwua."

Mimi nilikuwa nimelala nahesabu. Siku niliyoanguka nilikuwa nimeshampa Zainabu uji wake wa asubuhi. Tangu hapo hakuna aliyekuwa anajua cha kutia kwenye uji ule. Ile ilikuwa siku ya tatu. Na nyumba yetu ilikuwa na mbu walewale walionipa malaria mimi.

Nawaambia ukweli, hata hapo ulimi ulikuwa mzito. Nilimwona mwanangu anatapika, na wakati huohuo nikaona sura ya kungwi, na sura ya Baba Zainabu, na watu kwenye ngoma wakisema wali wengine wamenona, wa fulani amevimba. Yote mawili niliyaona pamoja, na nikachelewa kuchagua. Daktari alikuwa ameshafika mlangoni niliposema, "Kuna mwingine."

Akageuka. "Nani?"

"Mwanangu. Ni mwali, yuko ndani. Nilikuwa namtilia kwenye uji."

Fatu aliacha kunikanda miguu. Alimwomba daktari apewe vidonge na maelezo kwenye karatasi, akajifunga kanga, akatoka kutafuta gari la kupanda Newala, na kifua chake kile. Mimi nikachomwa sindano ya kile mwili ulichokuwa unakililia, na jioni nilikaa mwenyewe kitandani nikanywa uji.

Fatu alifika akamkuta Zainabu amelala kwenye mkeka, anatapika, mikono ya baridi. Kungwi alikuwa anasema ni homa ya kawaida, mwali hatolewi nje kabla ya siku yake. Fatu ikabidi aseme kwa nini. Alisema mbele ya wanawake wote waliokuwa pale, maana hakukuwa na njia nyingine. Akampa mtoto kidonge, akampakia garini, amefunikwa kanga gubigubi kama desturi inavyotaka, akamleta hospitali usiku uleule. Daktari alisema kama angecheleweshwa siku mbili zaidi, asingekuwa na mgonjwa wa kumtibu.

Tulilazwa wodi moja, mama na mtoto, mashavu yamefanana. Baba Zainabu alikuja akasimama katikati ya vitanda viwili. Aliniuliza swali moja: kama nilikuwa nataka binti au nilikuwa nataka sifa.

Tulipunguziwa vidonge kidogo kidogo, mwanangu miezi michache, mimi zaidi ya nusu mwaka. Mashavu yalishuka, michirizi ikafifia, sukari iliyokuwa imepanda ikarudi mahali pake. Wali wenzake walitoka mwezi wa kumi na mbili bila yeye. Alitoka mwaka uliofuata, mwembamba, na watu walikuwa wanajua kisa chote. Foleni ya maji walinipa jina, nalo sitalitaja hapa. Wifi Fatu alinisamehe kwa vitendo, aliendelea kuja kwangu, lakini cheti chake hakunipa tena, na sikukiomba.

Namshukuru Mungu, namshukuru daktari yule, namshukuru wifi yangu kila siku. Nanyi nawaombeni. Kidonge kimoja kinafanya kazi nyingi mwilini, ile unayoitaka na ile usiyoijua, na mwili unahesabu hata usipohesabu wewe. Dawa ya mwenzio ina kipimo cha mwenzio. Kama umeshaanza kuvila, usiviache leo kwa sababu ya maneno yangu, nenda kwa daktari upunguziwe. Na daktari akikuuliza unatumia nini, sema, hata kama wifi yako anakukanda miguu.

Nimalizie na jambo ambalo sijawahi kulisema mbele ya watu. Tukiwa bado wodini, nilijivuta mpaka kitanda cha Zainabu kumwomba radhi. Nikamwambia nilikuwa natia dawa kwenye uji wako, mwanangu, na wewe hukujua. Akaniangalia na mashavu yake yale niliyomtengenezea.

"Nilijua kuna kitu, mama," alisema. "Uji ulikuwa mchungu. Nilikuwa naumaliza kwa sababu umepika wewe."