Mkono Mmoja Uliobaki na Rangi

Naikumbuka Jumamosi moja, mjukuu wangu, kuliko ninavyoikumbuka siku niliyoolewa. Nisingekusimulia leo kama jana mchana usingejifungia chumbani kwa ufunguo, wewe na wenzako wawili, na pasi yenu ya nywele ya umeme na vichupa vyenu vya rangi ya kucha. Niligonga mlango. Halafu ukasema, "Tunasoma, bibi." Mnasoma! Harufu ya nywele zinazoungua ilishafika jikoni. Sikukasirika. Niliogopa, nikakaa pale chini mlangoni mpaka mlipofungua, na ninyi mkadhani bibi amekuja kupeleleza.

Basi keti, nikuambie niliogopa nini.

Nilikuwa na miaka kumi na saba. Tulikaa hapahapa Bwera, nyumba ya vyumba viwili, si mbali na barabara ya kwenda mpakani. Mimi ni Masika, binti wa kwanza, kama jina linavyosema kwetu Wakonzo. Mdogo wangu alikuwa Biira, binti wa pili, miaka kumi na mitatu. Baba alishafariki. Mama alikuwa ameokoka, na alikuwa mkali kama waliookoka wa wakati ule: hereni ni shetani, nywele za kunyoosha ni shetani, na rangi ya kucha ni shetani na watoto wake. Usicheke. Alitulea peke yake kwa jembe, aliogopa kutupoteza, na hakujua namna nyingine ya kutushika.

Wiki ile alikuja kututembelea Kahindo, mtoto wa dada yake mama, kutoka Butembo ng'ambo ya mpaka. Kahindo alikuwa msichana wa mjini hasa. Kwenye mfuko wake alikuwa na kitana cha chuma, kile cha kuweka juu ya makaa, na chupa ya rangi nyekundu ya kucha, verni kama wanavyoiita kwao, na chupa nyingine kubwa ya dawa ya kuifutia. Jumamosi hiyo mama alipokwenda shambani Munkunyu, Kahindo akavitandaza vyote kitandani.

"Masika, angalia verni hii. Iko inakauka mbio," aliniambia. "Mama akirudia, tunapanguza yote. Hataona kitu."

Kwa kawaida nywele za namna ile zinanyooshwa uani, sigiri ya makaa iko nje, wapita njia wanatania. Sisi hatukuweza. Jirani yetu alisali kanisa moja na mama, na macho yake yalikuwa kwetu tangu asubuhi. Mimi, mkubwa, ndiye niliyesema tuingize sigiri ndani. Mimi ndiye niliyefunga komeo, nikaburuta benchi nikalikaza mlangoni, nikaziba upenyo wa chini kwa shuka ili harufu isitoke. Dirisha nikalifunga pia. Nakutajia moja moja kwa sababu kwa miaka mingi nilijidanganya kwamba lilikuwa wazo la Kahindo.

Kahindo alianza na mimi, akanipaka kucha zote kumi. Biira hakutaka rangi. Alitaka nywele tu, tena kwa saa moja, aone zitafika wapi. Nywele za kitana zikiguswa na maji zinarudi zilivyokuwa, kwa hiyo alipanga kuziosha kabla mama hajafika. Kahindo alimpigisha magoti karibu na sigiri, akaanza upande wa kulia. Upande ule ulipomalizika, nywele zilimgusa bega. Biira alishika kioo, akajitazama, akacheka bila sauti, mkono mdomoni. Sijawahi kumwona amefurahi vile, si kabla na wala si baadaye.

Ndipo tukasikia sauti ya mama uani, anasalimiana na jirani. Mvua ilikuwa imemfukuza shambani.

Ningeweza kufungua mlango, mwanangu. Tungetukanwa, tungechapwa, tungeombewa mpaka magoti yaume, na Biira leo angekuwa bibi wa watu. Lakini nilikuwa na kucha kumi nyekundu, na nilizifikiria hizo tu. Nikanyakua chupa ya dawa. Ndani kulikuwa na giza, nikasogea kwenye makaa ili nione vizuri. Nikalowesha kitambaa, nikafuta mkono wa kushoto, vidole vyote vitano. Nikamimina tena. Kwa haraka ile chupa ikaniponyoka.

Sikujua kwamba dawa ile inashika moto kama petroli. Iliangukia magotini kwa Biira, mbele ya sigiri, na alikuwa amevaa gauni la nailoni.

Mama alikuwa upande wa pili wa mlango. Alisikia mtoto wake anavyolia, akasukuma, benchi langu likamzuia. "Masika, fungua! Fungua!" Mimi nilisimama tu. Kahindo ndiye aliyevuta benchi na kufungua komeo. Mama aliingia, akaokota shuka lile nililoziba nalo mlango, akamfunika mtoto, akamlalia kwa mwili wake mpaka moto ukazima.

Tulimfikisha hospitali ya Kisinga jioni ileile. Nesi alitutazama wote watatu, akauliza, "Nini ilimuchoma huyu mutoto?"

Nikajibu haraka kuliko wote. "Alikuwa anacheza na dawa ya kucha karibu na sigiri. Nilimkataza."

Nilimkataza! Hata leo neno hilo linanichoma. Kahindo alitazama chini. Kesho yake alirudi kwao, na tangu siku hiyo hatukuwahi kuzungumza.

Biira aliishi siku tisa. Siku ya sita alipata nguvu ya kusema kidogo. Mama aliinama karibu naye, akamuuliza kwa upole, kwa Lukonzo chetu: "Biira, kwa nini hukumsikia dada yako?"

Biira alinitazama. Alinitazama muda mrefu, mwanangu, na mimi nikatazama ukuta.

"Nisamehe, mama," alisema.

"Nimekusamehe," mama akamjibu.

Tukamzika na kosa langu. Na hapa kwetu unajua, karibu kila nyumba ina Biira. Sokoni wakiita jina hilo, nageuka. Nimegeuka hivyo mpaka nimezeeka.

Mama aliishi miaka mingi baadaye. Nilimpikia, nilimfulia, nilimpeleka kanisani, nikafikiri kazi yangu itatosha badala ya maneno. Alipougua mara ya mwisho, siku moja baada ya chakula cha mchana, nilishindwa kuvumilia. Nikapiga magoti kando ya kitanda, nikasema yote, tangu komeo hadi chupa.

Hakushtuka. "Nilijua," alisema.

"Nani alikuambia?"

"Hakuna. Pale hospitali ulikuwa umeshika kitanda cha mdogo wako kwa mikono miwili. Mkono wa kushoto ulikuwa safi. Wa kulia ulikuwa na rangi."

"Mbona hukusema, mama?"

"Nilikuwa nakungoja wewe useme."

Akanishika mkono wa kulia, akazipapasa kucha moja moja, kidole gumba mpaka cha mwisho. Kisha akafumba macho. Wiki ile akafariki. Alimsamehe mtoto asiye na kosa, kwa mdomo wake, nikisikia. Mimi neno hilo sikulisikia. Labda alidhani ameshalisema kwa vidole. Sijui, na sasa hakuna wa kumuuliza.

Kwa hiyo, mwanangu, sikukatazi urembo. Paka rangi, nyoosha nywele, zirudishe, zinyooshe tena. Lakini usifunge mlango. Dawa ya kufutia rangi iwe mbali na pasi yako na mbali na jiko, na dirisha liwe wazi. Na kama unajificha kwa sababu yangu, basi kosa ni langu pia, njoo uniambie hivyo usoni, sitakula mtu. Siku utakapoharibu jambo, na utaharibu, sema siku hiyohiyo. Usimwachie mdogo wako abebe, hasa yule anayekupenda, kwa sababu atakubali kubeba.

Mungu ailinde mikono yako na nywele zako. Akujalie kicheko kile alichocheka Biira, na kwako kidumu. Na ukikosea, akupe mdomo wa kusema mapema, wakati yule wa kukusamehe bado yuko hai na anakusikia.

Sasa kalete kile kichupa chekundu, mlango uuache wazi. Nipake mkono wa kushoto, ule niliofuta.