Ajenda ya Vijana

Juzi nilialikwa kuchekesha kwenye kikao cha wahandisi Nachingwea. Ajenda ilikuwa moja: kwa nini vijana hawajiungi na chama. Kijana alikuwepo mmoja, mhandisi wa kike kutoka Ruangwa, amekumbatia daftari lake la mafunzo. Alihitaji mkongwe mmoja tu amwekee saini ili asajiliwe. Akanyoosha mkono.

"Subiri, mwanangu," mwenyekiti akamwambia. "Tunajadili vijana."

Akanyoosha tena. "Mzee, gari la mwisho la Ruangwa hilo linapiga honi."

"Vijana mna haraka!"

Akaondoka na daftari lake bila saini. Mwenyekiti akavua miwani, akamgeukia katibu.

"Andika: vijana wanatoka kabla kikao hakijaisha."

Katibu akaandika. Kisha wazee wote wakapokezana kalamu, wakasaini karatasi ya mahudhurio. Kumbe wino ulikuwepo.