Mapanga ya Dirisha la Nafula

Nikipita sokoni Gikomba mafundi wakiranda mbao, harufu ya saipresi mbichi hunipunguzia mwendo. Hunirudisha mtaani Mbotela, kwenye nyumba yetu ya kaunsili, miaka ya tisini, mwaka ambao dada yangu Nafula alilala kando ya dirisha akikohoa.

Alikuwa ameacha shule akiwa kidato cha tatu. Kifua kilikataa dawa. Stima nayo ilipotea kila mara, basi akamwomba Baba, aliyekuwa seremala, amchongee mapanga ya kushika upepo, yazungushe dainamo ya baiskeli, iwashe balbu. Nadhani alitaka tu kuwa na kazi.

Baba alichonga akiwa ameketi mlangoni, Nafula akimwelekeza kutoka kitandani. Baba alitaka mapanga sita.

"Matatu yatosha," Nafula alisema. "Hatusagi mahindi, Baba. Dainamo inataka mbio."

Kila panga lilirandwa likawa nene mbele, jembamba nyuma, kisha likapindwa kidogo, kwa kuwa ncha hukimbia kuliko shina na haviwezi kuukabili upepo kwa mlalo mmoja. Mimi niliokota maranda ya kuwashia jiko.

Jirani yetu, Mama Atieno, alikuwa akianika nguo. "Baba Nafula, hiyo ndege itaruka lini?"

"Wiki ijayo," Nafula alijibu kupitia dirishani. "Wewe ndiwe kondakta."

Mama Atieno alicheka mpaka akashika kiuno. Halafu akamsogelea Mama, akashusha sauti. "Upepo ndio unaommaliza huyu msichana. Nyinyi tena mnauita nyumbani?"

Maneno hayo yaliniingia, yakakaa.

Baba alisimamisha mlingoti juu ya paa. Kati ya nyumba na nyumba upepo hugonga kuta ukavurugika; kule juu hupita bila kizuizi. Jioni hiyo balbu iliwaka, nyekundu kwanza, kisha nyeupe. Nafula akanieleza kwamba upepo ukishapita kwenye mapanga huwa umechoka, maana umetuachia sehemu ya nguvu zake.

"Si tuuchukue wote?" niliuliza.

"Ukiuchukua wote utasimama papo hapo, uzibe njia. Ule wa nyuma utapitia wapi?"

Hilo la mwisho sikulishika. Nilishika la kuchoka. Nilimwendea Baba nikamwomba ayateremshe mapanga, ayaweke mbele ya dirisha, yauchoshe upepo kabla haujafika kifuani kwa Nafula. Hakunicheka. Kesho yake alipanda, akayateremsha.

Pale chini yaligeuka huku na kule, yakazunguka kwa kusitasita, yakasimama. Balbu haikuwaka tena. Yakikwama niliyasukuma kwa kidole, na Nafula, kichwa juu ya mto, aliyafuata kwa macho. Alifariki kabla ya mvua. Tulimsafirisha Bungoma, tukamzika nyumbani.

Miaka yote niliamini Baba alinisikiliza kwa sababu alitumaini kama mimi. Mwaka huu, kwenye matanga ya Baba, Mama aliniambia vingine. Nafula alikuwa hawezi tena kutoka nje. Mwanga wa balbu aliuona, lakini mapanga aliyoyabuni alikuwa hajawahi kuyaona yakizunguka. Baba alikuwa akitafuta namna ya kumteremshia bila kumwambia sababu, nami nikampa sababu ya kitoto.

Nafula alijua fika kwamba pale chini balbu haiwezi kuwaka. Hata hivyo hakuuliza kwa nini yameteremshwa. Nadhani alikuwa ameelewa kwamba Baba hangoji tena siku ambayo yeye angepona, atoke nje kuyaona.