Betri Tatu za Baba

Baba alikuwa hakanyagi kitu chochote kinachoelea. Siku watu wa kanisa letu walipokwenda kwenye bustani yenye ziwa, watoto wengine walipanda viboti vya kukodi na baba zao, wakawa wanarushiana maji. Mimi na wangu tulibaki kwenye nyasi, tunakula mahindi ya kuchoma. Sikumuuliza sababu. Mimi si muulizaji. Hata darasani mwalimu akinitaja, natazama dawati mpaka anachoka anamtaja mwingine.

Sababu niliijua kwa Mama. Vita vilipofika Fizi, kwetu Kongo, tulivuka ziwa Tanganyika kwenda Kigoma, mimi nikiwa mgongoni. Boti ikaishiwa mafuta katikati. Bibi yangu, mama yake Baba, alikuwa mgonjwa tangu tunapanda. Tukaelea hivyo jua kutwa, na kabla nchi kavu haijaonekana bibi akakata roho, kichwa chake mapajani mwa Baba. Jina langu ni lake. Ndiyo maana Baba ananiita Mama.

Mama alisema Baba hajawahi kuvilaumu vita. Analaumu mafuta. Na ukiishi naye unaona kweli. Simu yake haishuki chini ya nusu. Katika chumba chetu cha Bellevue, hapa Johannesburg tulikoishia, kulikuwa na mitungi miwili ya gesi, mmoja wa kupikia na mmoja wa kuutazama. Na kazi aliyoipata hapa ikawa betri: alikuwa na turubai lake Malvern, barabara ya Jules, mbele ya duka la matairi, anachaji, anapima, anatengeneza nyaya za magari.

Mwaka 2012, nikiwa gredi ya kumi, akaja pale Babu mmoja na bakkie, pikapu yake, ikikokota boti kwenye trela. Alikuwa mwenyeji wa nchi hii, ila miaka ya ukimbizi wao, enzi za ubaguzi wa rangi, aliishi Morogoro, akarudi na Kiswahili safi na mke Mtanzania, ambaye sisi tulimwita Shangazi. Kiharusi kilikuwa kimemnyang'anya mkono wa kushoto. Hakuweza tena kupiga makasia wala kuvuta kamba ya kuwashia injini. Akawa amenunua mota ya umeme, ile ndogo ya kufunga nyuma ya boti, yenye mpini juu na feni chini ya maji. Unazungusha mpini, inakwenda. Alitaka tu afungiwe nyaya na betri.

"Fundi," alisema, "nataka kuvua kabla mkono huu wa pili haujamfuata mwenzake."

Baba aliitazama ile boti bila kuikaribia. "Muzee, mie ni fundi wa magari."

"Umeme ni umeme."

"Hapana, muzee. Gari ikizima, unashuka unasukuma."

Babu akacheka. Baba hakucheka, lakini kazi akaichukua. Halafu akasema neno ambalo hakuna aliyemwomba. Kwao, ziwani, aliyeziba tundu la mtumbwi ndiye anayeingia wa kwanza, anakaa pale pale alipoziba. Fundi asiyeingia, kazi yake haijapokelewa. "Tukimaliza," alisema, "nitaingia mie na wewe." Jioni nilipomwambia Mama, mwiko ulisimama ndani ya ugali.

Alifunga vizuri. Waya nene kama kidole, mwekundu na mweusi, fyuzi karibu kabisa na betri, mafuta ya mgando kwenye vichwa vyake visishike kutu. Babu alikuwa amenunua betri moja, ya aina inayotoa nguvu pole pole kwa muda mrefu, si ile ya kuwashia gari. Baba akaitazama, akaenda nyuma ya turubai, akarudi na zake mbili za aina hiyo hiyo. Akaziunga zote tatu, chanya na chanya, hasi na hasi.

"Nguvu inabaki ya moja," alinieleza, "lakini muda unakuwa wa tatu."

"Babu amesema moja inatosha."

"Babu hajui."

Jumamosi tukaenda kwenye bwawa, upande wa Benoni. Shangazi alikuwa ametandika kanga kwenye majani, ana chupa ya chai na maandazi. Akamwona Baba anashusha betri ya kwanza, ya pili, ya tatu.

"Fundi, hii boti au duka?"

"Shangazi, hakuna muntu amekufa kwa betri kuwa nyingi."

Alizipanga zote nyuma, jirani na mota, ili waya uwe mfupi. Tukaisukuma boti majini. Babu akaingia na kukaa. Baba alisimama na viatu vyake, maji yakiwa kwenye vifundo vya miguu, muda mrefu hata Shangazi akaacha kutafuna. Kisha akapanda, akakaa karibu na mota. Nyuma kukashuka. Maji yakapita juu ya ukingo bila haraka, kama mgeni aliyekaribishwa, yakazizunguka betri.

"Fundi," Babu alisema kwa upole, "tunazama na bado tumeshika ardhi."

Baba alikuwa ameshatoka, ameushika ukingo kwa mikono miwili, anahema. Shangazi akajifuta machozi ya kicheko. "Umeweka betri za kufika Kigoma?"

Hakujua. Alitaja tu mji wa ziwani wa kwao. Mimi nikatazama maandazi.

Babu akasema ziondolewe mbili. Baba akasema moja haitoshi. Babu akasema dukani walimwambia inamaliza nusu siku.

"Walikuambia," Baba alijibu. "Na sisi walituambia."

Nilikuwa sijawahi kumsikia akifika hata hapo. Babu alimtazama, kisha akaonyesha kwa kidevu. "Twende mpaka kwenye yale matete tu. Turudi. Kama hutaki, nitaelewa, mwanangu. Ila mimi peke yangu siwezi, unauona mkono."

Baba akachukua spana, akafungua nyaya za kuungia, akazibeba betri zake mbili mpaka karibu na kanga ya Shangazi. Ile moja akaisogeza katikati ya boti, akaongeza waya, akaibana hapo mita yake ndogo ya kupimia volti. Tukayachota maji yote kwa kopo. Walipopanda tena boti ikasimama vizuri kidogo, ila pua bado ilikuwa juu, ikitaka mtu wa kukaa mbele.

"Mimi nikiingia mtarudi nchi kavu kwa miguu," alisema Shangazi, akijipiga paja.

Basi nikaingia mimi. Sikuomba ruhusa, kwa sababu ningeomba ningeshindwa.

"Mama, shuka," alisema Baba. Sauti yake haikuwa ya kuamuru.

"Nitakusomea mita," nilisema. Kwangu hiyo ilikuwa hotuba.

Babu akanirushia jaketi la kuelea, likanifika magotini. Baba akazungusha mpini. Nilitarajia ngurumo, lakini mota ile inasikika kama friji ya chumba cha pili. Ufuko ukaanza kurudi nyuma, Shangazi akawa mdogo, na betri mbili kando yake kama watoto walionyimwa safari.

"Soma," alisema Baba.

"Kumi na mbili nukta nne."

Baada ya kitambo: "Soma." Nikasoma. Hakuitazama mita wala matete. Alikuwa ananitazama mimi, na kila aliposema soma midomo yake ilikauka zaidi.

Tulipofika Babu akabana ufito wake wa kuvulia kwapani, akasema, "Zima hapo, fundi. Upepo utatupeleka wenyewe, samaki hawapendi feni."

Mkono wa Baba ukabaki kwenye mpini.

"Muzee, ikikataa kuwaka?"

"Kasia liko chini ya mguu wako."

Baba alitazama kasia kama hakulijua. Ndipo nikaelewa kwamba kwenda hakukuwa tatizo. Kuzima ndiko kulikokuwa kunamshinda, na Babu hangeweza kuvua mpaka azime. Nikasema nilichokuwa nacho.

"Kumi na mbili nukta nne, Baba. Bado."

Akazima.

Kukawa kimya hivi kwamba nilisikia magari ya barabara kuu, mbali. Boti ikageuka kidogo, ikaanza kuelea kwa upande. Baba alishika ukingo.

"Soma."

Nikatazama mita, nikaitazama tena. "Imepanda."

"Usinidanganye, Mama."

"Nukta sita, Baba. Ilikuwa nukta nne."

Akaja kwa magoti, taratibu, akainama juu ya mita. Ilikuwa nukta sita. Jambo lenyewe analijua kuliko mtu yeyote barabara ya Jules. Kila siku anawaambia wateja: betri ukiiondolea mzigo inapumzika, inapanda kidogo. Hakurudi kwenye mota. Alikaa pale pale chini, sakafu ikiwa na maji, betri katikati ya magoti yake, mkono juu ya kifuniko chake.

"Wenyewe tulizima," alisema. Sijui alikuwa akimwambia nani kati yetu. "Mwenye boti alisema tuzime tuokoe mafuta, mpaka askari wapite. Alipovuta kamba, hakuna kitu, yaliyobaki hayakutosha hata kuwasha. Mama yangu alikuwa ananiomba maji ya kunywa. Nikamwambia, subiri, mama, tunafika."

Babu hakugeuka. Uzi wake ulikuwa majini. "Pole, mwanangu," alisema tu, na akaendelea kuutazama.

Mimi sikusema chochote, na kwa mara ya kwanza nilifurahi kwamba siyo tabia yangu kusema.

Babu alipata samaki mmoja, si mkubwa. Alimvuta kwa mkono mmoja, ufito ukiwa kwapani, meno yakisaidia uzi, na hakutaka asaidiwe. Alipomaliza akasema sasa tuwashe turudi, mkewe atakuwa amemaliza maandazi.

"Ngoja kidogo, muzee," alisema Baba.

Akachota maji kwa kiganja, akanawa uso. Akachota tena, akayaacha yadondoke kidogo kidogo yalikotoka. Ndipo akarudi nyuma, akashika mpini. Mota ikaanza kuvuma kama friji.

Nikainua mita ili nimsomee.

"Acha," alisema. "Usisome."

Nikaizima, nikaichomoa, nikaitia ndani ya jaketi. Tukarudi hivyo, bila kujua imebaki kiasi gani, mpaka tukamwona Shangazi vizuri. Alikuwa amekalia betri moja, na juu ya nyingine ameweka vikombe vinne vya chai.