Kipande cha Sabuni cha Kupimia Maji

Juzi nilirudi Mazwi kuitazama nyumba yetu ya zamani, maana mpangaji amehama na paa linavuja. Juu ya kenchi za jikoni nikakuta kichupa cha dawa kilichochorwa alama mbili kwa msumari. Nilikaa chini palepale vumbini, ndugu msomaji. Nilidhani kilishapotea, na kusema kweli nilitamani kiwe kimepotea.

Kilikuwa cha baba. Miaka ile ya Ujamaa alikuwa mtunza boila kwenye meli ya mvuke, ziwani Tanganyika. Akipata likizo alipanda lori kutoka bandarini Kasanga, na migebuka mikavu aliyobeba, samaki wa ziwa lile, ilinukia hadi kwa majirani. Bibi alisonga ugali wa ulezi. Baridi ya Ufipa ilitukusanya jikoni, na hapo ndipo baba alipotufundisha habari za meli.

Meli ya mvuke, alisema, ina kiu kuliko ng'ombe. Maji yanachemshwa, mvuke unasukuma mashine, kisha unapozwa ndani ya mabomba yaliyozungukwa na maji ya ziwa, unakuwa maji tena na kurudi kwenye boila. Maji hayohayo, siku nenda siku rudi. Bomba likitoboka, maji ya ziwa yanajipenyeza na kuacha ukoko mweupe kama ule wa ndani ya birika la bibi. Ukoko ukinenepa, boila linaungua. "Baharini wanaonja chumvi, wanajua," alisema. "Ziwa letu tamu, ulimi unadanganyika."

Kwa hiyo alipima kwa sabuni. Alitia maji yanayorudi kwenye boila kichupani hadi alama ya kwanza, akakwangua sabuni kidogo, akatikisa. Povu likifika alama ya pili, maji ni safi; likifa upesi, ziwa limeingia. Nyumbani alitupimia maji ya kisima, ya mto, na ya mvua kutoka batini. Ya mvua yalishinda daima. "Hayajaonja udongo bado," alisema, nasi tukapiga makofi.

Kisha sabuni ikaadimika. Duka la ushirika lilibaki na rafu tupu na karani mwenye usingizi. Tulifua kwa majivu, nguo za mtaa mzima zikawa rangi moja. Baba alibakiwa na kipande cha ukubwa wa kidole gumba, amekifunga kitambaani ndani ya sanduku lake. Hata bibi hakukigusa.

Nilikuwa darasa la nne. Wageni wa mkoa walikuwa wanakuja shuleni, na mwalimu alinichagua kuongoza ngonjera. "Msichana mwenye blauzi ya majivu atasimama nyuma," alituonya. Alasiri baba alipokwenda kuaga jamaa, nilifungua sanduku. Nilifua blauzi yangu mpaka kipande kikaishia mikononi. Povu lilikuwa zuri ajabu.

Asubuhi lori lilipiga honi, baba bado anapekua sanduku.

"Mwanangu, hujakiona kipande changu cha sabuni?"

"Sijakiona, baba."

"Panya huyo," bibi akadakia. "Panya wa siku hizi wana njaa kuliko sisi."

Baba alicheka, akasema ataomba melini. Mimi niliongoza ngonjera, nikashangiliwa.

Melini nako sabuni haikuwapo. Baba alirudi baada ya masika, na sanduku na godoro lake. Bila kupima hakugundua kuwa ziwa limeingia; boila lilijaa ukoko, bomba lake likapasuka. Hakuna aliyeumia, ila meli ililala bandarini wiki nyingi, naye akaondolewa kwenye mashine. Akaishia kulinda ghala la mahindi. Hakutupimia maji tena. Akiulizwa alijibu tu, "Maji yalinizidi ujanja." Nilimsikia akisema hivyo kwa wageni na majirani hadi siku zake za mwisho, na kila mara, badala ya kusema ukweli, niliinuka kwenda kuteka maji. Nilikuwa mwoga, sina neno jingine. Bibi aliendelea kumlaani panya.

Leo meli zinakwenda kwa dizeli, na sabuni zimepangwa rangi rangi hata kwenye genge la jirani. Juzi hiyohiyo nilinunua mche mmoja. Mvua ilikuwa inanyesha. Nikakinga maji ya batini kwa kichupa kile, nikakwangua sabuni, nikatikisa. Povu likapanda hadi alama ya pili.

"Hayakukuzidi ujanja, baba," nikasema, peke yangu jikoni. "Yule panya ni mimi."