Mawe ya Nyumba ya Mashine

Sikupenda kusaga. Naanza na hilo kwa sababu mengine yote yalitoka hapo, na kwa sababu nawachoka watu wa siku hizi wanaosifu maisha ya zamani: hewa safi, unga wa jiwe, chakula kisicho na dawa. Natamani niwakabidhi jiwe na debe la ulezi, niondoke, nirudi baada ya miaka mitano niwaulize wanaonaje.

Unapiga magoti. Jiwe la chini limelazwa likiinamia mbele, la juu unalishika kwa mikono miwili, unasukuma, unavuta, unasukuma. Nilikuwa na miaka kumi. Mama aliniamsha kabla ya jua, na unga ukitoka na chenga alinimwagia wote juu ya jiwe nianze upya, bila kusema neno. Malengelenge yalipasuka yakawa sugu, na sugu nazo zikapasuka.

Tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa, upande wa Ringwani, tulipangwa kwa mistari kwenye mbuga ya udongo mweusi. Masika udongo ule ulikunasa mguu, kiangazi ukapasuka nyufa za kupitisha mkono. Mawe hakuna. Ungeweza kutembea asubuhi nzima usipate hata la kumtupia mbwa. Yaliyokuwepo ni yale ya kusagia tu, ambayo wanawake waliyabeba vichwani kutoka kwenye miji yetu ya zamani, kwa sababu dereva wa lori alisema mawe hapakii.

Ndipo ikaletwa mashine ya kusaga, inayotumia dizeli. Ilihitaji nyumba, na nyumba ilihitaji msingi. Mwenyekiti wa kijiji akaitisha mkutano, akasema kila kaya ilete jiwe lake la kusagia.

"Nani atapiga magoti tena na mashine ipo?" akauliza.

Wanawake walipiga vigelegele. Mama alibeba letu pamoja na jirani yetu wa mstari wa pili, mlango ukitazamana na mlango, rafiki yake tangu walipokuwa mabibi harusi. Walipolitua, Mama alilipiga teke. Mimi nilicheza mpaka kanga ikanidondoka. Fundi akaliweka kwenye kona karibu na mlango, na kwa kuwa saruji ilikuwa chache alimalizia kwa udongo.

Miezi kadhaa tuliishi kama watu wa mjini. Unajitwika debe, unapanga foleni, unarudi na unga wa moto. Nililala mpaka jua linatoka. Halafu mashine ikazima.

"Dizeli iko njiani," alisema mwenyekiti. Alisema hivyo wiki baada ya wiki, na sura haikumbadilika.

Usiniulize habari ya kinu. Ulezi ukiutwanga kavu unaruka nje, ukiulowesha unapata uji wa makapi. Wala usiniulize kwa nini hatukurudi mji wa zamani kutafuta jiwe jingine: mgambo walikamata waliorudi, na ambao hawakukamatwa walikutana na simba, maana mashamba yalishakuwa pori. Baba alikuwa mbali, akichunga ng'ombe. Tulichemsha nafaka nzima tukala. Sisi wenye meno tuliweza.

Mdogo wangu alikuwa na meno manne. Mama alikuwa amemwachisha ziwa mashine ilipokuwa inanguruma, kisha surua ikampitia, ikamwacha ngozi na macho. Ulezi uliingia mzima ukatoka mzima. Mganga wa zahanati, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu, alimwambia Mama hakuna dawa ya kumpa. Mpe uji mara nyingi, akasema, uji laini.

Siku moja, watu wote wakiwa kwenye shamba la kijiji, Mama alikwenda na panga kwenye nyumba ya mashine. Jirani alisimama njiani na jembe akijifanya anapalilia, ili akohoe mtu akitokea. Mama alichokonoa udongo wa kona, akalitoa jiwe letu, akaziba tundu kwa matope. Jiwe la juu alikuwa amelibakiza nyumbani la kuvunjia mifupa. Jioni nilimkuta amelaza jiwe nyuma ya kitanda.

"Piga magoti," akaniambia.

Nilisaga nyumba ikiwa imefungwa, moshi wa jiko ukinitoa machozi. Nilisaga ulezi wa kwetu, halafu nikasaga na wa jirani, maana Mama alisema mwenzetu amejiponza kwa ajili yetu. Sugu zilikuwa zimelainika, mikono ikachubuka upya siku ya kwanza. Siku ya tatu mtoto alianza kumfuata Mama kwa macho akitembea chumbani. Mama alicheka peke yake. Nililiona lile, lazima niseme nililiona. Na bado nilichofikiri ni kwamba kesho nitasaga tena, na keshokutwa, na jiwe likishazoea kukaa nyuma ya kitanda halitaondoka kamwe.

Siku ya nne nilitumwa maji. Wakati wa kurudi nilipita kwa mwenyekiti, nikatua ndoo uani.

"Shikamoo."

"Marahaba, binti. Nani kakutuma?"

"Hakuna. Lile jiwe la kona, Mama amelitoa. Liko nyuma ya kitanda."

Hakunipa kitu wala kunisifu. Alisema nijitwike ndoo yangu niende.

Mkutano uliitwa jioni ileile. Mgambo walimtoa Mama na jiwe kichwani, wakampitisha mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, kila nyumba imuone mharibifu wa mali ya kijiji. Mbele ya nyumba ya mashine aliamriwa akande udongo kwa mikono yake na alirudishe jiwe mahali pake. Watoto wenzangu walicheka. Nami nilicheka kidogo, ili nisijulikane.

"Tumshukuru raia mwema aliyetuarifu," alisema mwenyekiti.

Mama alisimama, matope yamemfika viwikoni. Aliwatazama watu mmoja mmoja mpaka akamfikia jirani.

"Ni wewe. Ulijua wewe peke yako."

Jirani alifungua mdomo. Akanitazama mimi, akaufunga. Mama alimtemea mate miguuni.

Mdogo wangu alikufa siku ya nane, mchana, akiwa mgongoni mwa Mama, na Mama aliendelea kuchambua mboga kwa muda kabla ya kugundua. Wiki iliyofuata dizeli ikafika, mapipa mawili juu ya trekta. Nilitumwa mashineni. Nilitumbukiza mkono kwenye unga wa moto, na nitasema ukweli, nilifurahi.

Jirani aliishi miaka mingi mlango ukitazamana na wetu bila salamu. Mama aliwaeleza wanawake wote, nao wakamwamini, maana nani angeshuku kitu kingine? Kisimani walihamisha ndoo zao alipofika. Waliita mdomo wake redio ya mwenyekiti. Hakuna aliyekwenda kumsaidia kuvuna. Mwishowe mwanawe alipopata kazi ya machimbo alimchukua wakahamia Kerende. Sikumtetea hata mara moja. Mwaka wa kwanza niliogopa kipigo. Baadaye hata kipigo sikukiogopa tena, nilizoea tu.

Sasa Mama yuko kwangu, Nkende, hapa Tarime. Ana umeme, ana jiko la gesi ambalo haruhusu mtu aliwashe yeye akiwa chumba kimoja nalo, na unga nanunua dukani ukiwa kwenye mfuko. Mwaka jana alianguka, akalala miezi. Asubuhi moja akaniita.

"Nimechoka kumbeba yule mwanamke. Nenda kamwambie nimemsamehe, kabla sijafa."

Nikaenda Kerende. Nilimkuta ameketi nje kwenye kigoda, amekonda. Karibu na nyumba yao karasha lilikuwa linasaga mawe ya dhahabu, kwa hiyo ilinibidi nipaze sauti.

"Shikamoo mama. Mama amenituma. Anasema amekusamehe lile jambo la jiwe."

Alinitazama kama alivyonitazama siku ya mkutano. Vumbi la karasha lilikuwa limemtanda nyusi.

"Nilikuona siku ile," akasema. "Nilikuwa natoka shambani. Ulitua ndoo kwa mwenyekiti."

Nikageuka kutazama karasha.

"Mtoto mmoja alikuwa anamfia mikononi. Ningemwambia ni wewe, angebaki na nani?" Akapangusa nyusi. "Nilidhani ukikua utamwambia mwenyewe. Nimekungoja sana, mwanangu. Nenda basi. Wewe ndiye utakayejua la kumwambia."

Njia nzima ya kurudi Tarime nilipanga maneno. Niliyapanga vizuri, mwanzo mpaka mwisho, na nilipofungua mlango nilikuwa bado nayo yote. Mama aliinua kichwa kutoka kwenye mto.

"Amesemaje?"

"Ameshukuru kusamehewa," nikasema. "Amelia sana."

Mama alifumba macho akatabasamu, akasema sasa ana njaa, nimpikie uji.