Aliyekuwa Akimmiminia

Mal-sun alifungua chaza kwa kisu miaka thelathini na mmoja pale bandarini Tongyeong, na hata bosi alipoleta wasichana wenye mikono myepesi, hakuna aliyemfikia. Hilo alijivunia. La pili alilojivunia ni kwamba mumewe, Deok-su, hakuwahi kujimiminia pombe yake ya soju mezani. Mzee alinyoosha kikombe, naye akammiminia kwa mikono miwili, kama mama mkwe alivyomfunza.

Ila sasa Deok-su akiamka alitetemeka hadi vifungo vya shati vinamshinda. Binti yao, Yeong-ran, akasikia kwamba hospitalini kuna utafiti wa dawa mpya ya kupunguza hamu ya pombe, na wanachukua watu arobaini tu. Mal-sun akamburuta mzee mpaka huko.

Daktari Noh, kijana mwenye miwani, akaisoma fomu.

"Mzee, umeandika hunywi peke yako."

"Peke yangu vipi? Mke wangu yupo."

"Na hapa, 'Hujimiminia pombe mara ngapi kwa siku?' Umeandika kamwe."

"Kamwe! Nijimiminie, aliyekaa mbele yangu apate mkosi miaka mitatu? Mimi si mshenzi."

Daktari akajumlisha alama, akajikuna shingo. "Basi kwa karatasi hii mzee ni mzima. Siwezi kumwingiza."

Deok-su akajipiga kofi gotini. "Umesikia, Mama Yeong-ran? Si nilikwambia! Haya, twende zetu."

Mal-sun hakuinuka. Aliona aibu kama anayevuliwa nguo mbele ya mtoto wa watu, lakini akavikumbuka vile vifungo.

"Daktari, hilo swali mmeuliza vibaya. Niulize mimi."

"Nikuulize nini, mama?"

"Nammiminia mara ngapi. Chupa tatu kwa siku, na ya nne akilia. Kwa mikono hii hii."

Deok-su akatazama soksi zake. "Umeniuza, mwanamke wewe," akasema, lakini bila hasira.

Daktari akalikata lile swali, akaandika jingine juu yake. Deok-su akawa mtu wa thelathini na nne. Wiki ile ile fomu zote zikabadilishwa, na watu sita waliokuwa wamerudishwa makwao wakaitwa tena. Mzee akapewa dawa na kuambiwa apunguze polepole. Mal-sun naye akapewa sharti lake: mumewe akitaka kunywa, ajimiminie mwenyewe.

Jumapili mchana akapika supu ya chaza. Deok-su akanyoosha kikombe kwa mazoea. Mal-sun akaikalia mikono yake. Kikombe kile kikitetemeka hewani kilimuuma kuliko kisu chochote kilichowahi kumkata.

"Mama Yeong-ran."

"Chupa ile pale. Jimiminie."

"Na mkosi wako?"

"Miaka mitatu tu? Nimekaa na wewe arobaini!"

Mzee akacheka mpaka akakohoa. Mkono wake ukaenda kwenye chupa, ukasita, ukarudi. Akakigeuza kikombe kifudifudi.

"Basi nipe supu."

Mal-sun akaitoa mikono yake chini ya mapaja, akampakulia, akampa bakuli kwa mikono miwili.